Mgonjwa wa Akili Ataka Dawa, Ataka na Sikio

Mwezi wa Februari mwaka wa 2023, waamuzi wa tamasha la filamu la Berlin, Ujerumani, walitoa tuzo yao kubwa kuliko zote, Dubu wa Dhahabu, kwa filamu isiyokuwa na mchezaji wa kulipwa hata mmoja. Haina mapigano, haina mapenzi, wala haina siri ya kufumbuliwa mwishoni. Ni filamu ya mambo ya kweli, na waonekanao ndani yake ni watu wenye maradhi ya akili: wakikaa, wakizungumza, wakiimba, wakichora na kunywa kahawa. Jina lake ni "Sur l'Adamant", na mtengenezaji wake ni Mfaransa, Nicolas Philibert.

Nimeitazama filamu hii kwa makini, na leo nataka kuizungumza na wasomaji wa ukurasa huu. Si kwa ajili ya tuzo, kwani tuzo zina wenyewe, bali kwa kuwa jambo inalolisema latuhusu sisi watu wa Pwani zaidi ya tudhaniavyo. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi na tumkaribishe mgeni huyu, tumsikilize, halafu tujiulize iwapo mwenyeji ana nia ya kupona.

NYUMBA JUU YA MAJI

Adamant si meli ya kusafiri. Ni nyumba ya mbao yenye kuelea, iliyofungwa ukingoni mwa mto wa Seine, katikati ya mji wa Paris, karibu na stesheni ya reli ya Lyon. Ilifunguliwa mwaka wa 2010. Madirisha yake yana vibao vya mbao vya kufungua na kufunga, mfano wa yale ya nyumba zetu za Mji wa Kale, na mwangaza wa maji wacheza juu ya dari mchana kutwa. Ilipokuwa yapangwa, wachoraji ramani walishauriana na wauguzi na wagonjwa wenyewe.

Watu hawalali pale. Huja mchana, wakarudi makwao jioni. Ni mahali pa serikali, sehemu ya idara ya tiba ya akili ya mitaa ya katikati ya Paris, yenye kliniki zake na wodi zake za kulaza. Ndani ya Adamant mna kushona, kuchora, muziki, kusoma, kutazama filamu na kuzijadili, kupika jamu, na mkahawa mdogo ambao wagonjwa hushiriki kuuendesha na kuzihesabu fedha zake. Kila wiki hufanywa mkutano wa wote, ajenda ikaandikwa, wageni wakakaribishwa, na kila mwenye neno akalisema.

Jambo la kwanza limshangazalo mtazamaji ni kwamba hakuna sare. Hakuna koti jeupe, hakuna funguo zining'iniazo kiunoni. Kwa muda mrefu huwezi kujua ni nani mgonjwa na ni nani muuguzi, na mtengenezaji hakuambii. Hivyo filamu yakunyang'anya ile desturi ya kuwagawa watu kwa jicho la kwanza, huyu mzima na yule mwenda wazimu, bila ya kukuhubiria hata neno moja.

Mwanzoni kabisa yuko mtu mzima anayeimba wimbo wa kundi la muziki la Ufaransa, kwa nguvu zake zote. Ukimwona wasema huyu ni mwimbaji. Baadaye ndipo uelewapo kuwa ni mgonjwa, tena wa miaka mingi. Na wagonjwa hawa hawafichi kuwa wanatumia dawa. Yuko asemaye waziwazi kuwa bila dawa asingeweza kukaa akazungumza na watu.

Neno hilo nalitilia mkazo, maana wako watakaosoma makala haya wakadhani nasema tuvitupe vidonge tupige dufu. Sisemi hivyo, na filamu haisemi hivyo. Dawa hutuliza kelele zilizomo kichwani. Lakini mtu aliyetulizwa, kisha akaachwa kitini akitazama ukuta kutwa, kucha, hajapona, amenyamazishwa tu. Sanaa yampa jambo la kufanya na mtu wa kulifanya naye. Mgonjwa huchora picha, akaionyesha, wenzake wakamwuliza hii ni nini, naye akaeleza. Katika kueleza ndipo yatokapo maneno ambayo daktari angeyauliza kwa miaka asiyapate. Kwa hakika picha ni sababu tu. Mazungumzo ndiyo tiba.

Wala filamu haifichi ila za mahali penyewe. Yuko mwanamke mmoja mgonjwa ajuaye kucheza dansi, ataka apewe nafasi ya kuwafundisha wenzake. Alileta ombi lake, akalirudia, na jibu la kumridhisha halipati upesi. Hapo twaona kuwa hata katika nyumba ya huruma, mwenye kuamua ni yule mwenye mshahara, na mgonjwa hubaki kuwa mwenye kuomba. Mimi naona Philibert alifanya vyema kuliacha jambo hilo lionekane.

ASILI YA JAMBO HILI KWETU

Philibert hakuishia hapo. Mwaka wa 2024 alitoa filamu ya pili, iliyopigwa katika wodi za kulaza za idara ileile, na jina la filamu ni jina la wodi hizo mbili: "Averroès & Rosa Parks". Rosa Parks ni yule mama mweusi wa Marekani ambaye mwaka wa 1955 alikataa kumwachia Mzungu kiti chake ndani ya basi. Na Averroès ni nani? Ndugu msomaji, huyo ni Ibn Rushd wetu, aliyezaliwa Qurtuba, Andalusia, mwaka wa 1126 na kufariki mwaka wa 1198. Kadhi, mwanafalsafa, na tabibu aliyeandika kitabu kikubwa cha misingi ya utabibu. Wafaransa wameliweka jina la kadhi wa Kiislamu juu ya mlango wa wodi ya wagonjwa wa akili. Sisi je, twalijua jina hilo lahusika vipi na maradhi hayo?

Lahusika, kwa kuwa Waislamu wa zamani walikuwa na hospitali zilizoitwa bimaristani, na katika nyingi ya hizo mlikuwa na sehemu ya wenye maradhi ya akili, katika zama ambazo nchi nyingi ziliwaacha wakizurura barabarani. Mwaka wa 1284 Sultani Qalawun alikamilisha hospitali yake mjini Cairo, ikawa wazi kwa tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke. Mwaka wa 1488 Sultani Bayezid wa Pili alikamilisha yake katika mji wa Edirne, Uturuki. Msafiri Evliya Çelebi, aliyeandika katika karne ya 17, aeleza kuwa wapiga muziki walikuwa wakija humo mara tatu kwa wiki kuwapigia wagonjwa, na kwamba maua yenye harufu nzuri yalitumiwa kuwatuliza. Jengo hilo lingalipo, na leo ni makumbusho ya utabibu.

Nisieleweke kuwa nasema zamani zote zilikuwa asali. Minyororo ilikuwamo pia katika hospitali hizo, kwa wale walioogopewa. Lakini jambo moja lililozishika karne baada ya karne lilikuwa wakfu. Maduka, mabustani na nyumba za kupangisha ziliwekwa wakfu, na kodi yake ikawalipa daktari, mpishi na mpiga zumari. Huruma ya siku moja haiwezi kumtunza mgonjwa wa miaka ishirini. Wenzetu walilijua hilo, wakaipa huruma yao fedha za kila mwezi.

Na kabla ya masultani hao, Kitabu chenyewe kilikwisha kusema. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 5, tumeagizwa kuhusu wale wasioweza kuongoza mali zao kwa upungufu wa akili. Hatukuambiwa tuwalishe na kuwavisha tu tukaishia hapo. Tumeambiwa pia tuseme nao kwa maneno mazuri. Chakula, nguo, na maneno: hayo matatu yamewekwa pamoja. Nami nauliza, katika nyumba zetu zenye mgonjwa wa namna hii, la tatu latekelezwa? Mara nyingi twasema juu yake, twasema kwa ajili yake, twamsemea mbele ya daktari na mbele ya mwalimu wa kuzingua. Kusema naye ndiko kulikoadimika.

SOMO LA BLIDA

Labda msomaji atasema: haya ni mambo ya Wazungu, kupika jamu na kucheza dansi, hayatuingii. Neno hilo lina haki yake, na lilikwisha kujaribiwa katika ardhi ya Afrika.

Mwaka wa 1953, daktari kijana kutoka Martinique, Frantz Fanon, aliwasili katika hospitali ya akili ya Blida-Joinville, Algeria, nchi ilipokuwa bado chini ya Wafaransa. Alikuwa ametoka Saint-Alban, hospitali ya mlimani Ufaransa, alikofanya kazi na daktari wa Kihispania, François Tosquelles. Wakati wa vita vikuu vya pili, maelfu kwa maelfu ya wagonjwa wa akili wa Ufaransa walikufa kwa njaa katika hospitali zao. Kutokana na msiba huo, watu wa Saint-Alban walishika fikira kuwa hospitali yenyewe yapaswa kutibiwa kwanza, kuta zake na tabia za watumishi wake, ndipo imtibu mtu. Fikira hiyo ndiyo iliyozaa, vizazi viwili baadaye, nyumba kama Adamant.

Fanon alikabidhiwa wanawake wa Kizungu 165 na wanaume Waislamu 220. Akaanzisha kwa wote mambo aliyojifunza: kwaya, sherehe, gazeti la hospitali, kazi za mikono, mikutano. Kwa wanawake wa Kizungu yalifaulu upesi. Kwa wanaume Waislamu hayakufaulu hata kidogo. Walikaa kimya mikutanoni, wakaikataa kwaya, na kazi za kusuka wakaziona za wanawake. Daktari hakujua lugha yao, akazungumza kwa mkalimani. Na mtu wa Algeria wa siku zile alimzoea mkalimani mbele ya hakimu na mbele ya askari. Nani atamfungulia moyo mtu wa namna hiyo?

Mwaka wa 1954 Fanon na mwenzake, Jacques Azoulay, waliandika juu ya kushindwa kwao. Hawakusema kuwa Waislamu hawatibiki. Walisema kuwa waliwaletea watu sherehe zisizo zao, nyimbo zisizo zao na michezo isiyo yao, wakawataka wafurahi. Basi wakabadili mwendo. Ukafunguliwa mkahawa wa kienyeji ndani ya hospitali, wa kukaa na kunywa kahawa kama mjini. Sikukuu za Kiislamu zikasherehekewa. Akaitwa msimulizi wa hadithi kuja kuwasimulia. Wanaume wakapewa majembe, wakalima. Ndipo watu walipoanza kusema.

Fanon aliondoka Blida baada ya kujiuzulu mwaka wa 1956, akajiunga na wapigania uhuru, akafariki mwaka wa 1961. Leo hospitali ile yaitwa kwa jina lake. Nami naona katika kurasa zile za 1954 mna somo linalotufaa sisi kuliko filamu ya Paris yenyewe, ingawa filamu ndiyo iliyonirudisha kwazo: sanaa humponya mtu pale tu iwapo ni yake. Wimbo wa mwenzio ni kelele sikioni mwako.

NA SISI WA PWANI?

Mwaka wa 2011 televisheni ya Marekani ya CNN ilionyesha filamu nyingine ya mambo ya kweli, na hiyo ilihusu Kenya. Jina lake lilikuwa na maana ya "Waliofungiwa na Kusahauliwa". Ilionyesha wagonjwa waliofichwa na jamaa zao majumbani, na ikaingia mpaka hospitali ya Mathari, Nairobi, ambayo serikali ya kikoloni iliianzisha mwaka wa 1910 kuwa nyumba ya kuwaweka wenye wazimu. Ukiziweka filamu hizi mbili pamoja, ile ya 2011 na ile ya 2023, utaona kuwa maradhi ni yale yale. Tofauti ni mahali alipowekwa mgonjwa.

Tangu hapo serikali imepiga hatua, na ni haki kuzitaja. Mwaka wa 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa, ikampa mgonjwa haki ya kushirikishwa katika matibabu yake, na serikali za kaunti zikabebeshwa wajibu wa huduma za akili karibu na wananchi. Mwezi wa Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili, chapingana na Katiba. Dini yetu yaharimisha kujiua, na hilo halibadiliki. Lakini dini hiyo hiyo yasema kuwa kalamu imeinuliwa kwa aliyepotewa na akili mpaka azindukane. Ikiwa Mola hamwandikii, sisi tulikuwa twamwandikia kwa kalamu gani?

Lakini sheria haijengi nyumba. Ziko wodi na kliniki huku kwetu, kama Port Reitz, na wafanyao kazi humo wastahili shukrani. Tatizo liko baina ya wodi na nyumbani. Mgonjwa hutolewa ametulia, akarudi na mfuko wake wa vidonge. Nyumbani hana la kufanya. Kazini hatakiwi, barazani hukaa pembeni, watoto humfuata wakimtania. Mamake ndiye dawa yake, na mama ni mzee. Vidonge huisha, au akaviacha kwa kuwa vyamlewesha. Huitwa mwalimu akasoma, hunywa kombe, hutolewa kafara. Kisha hufungiwa chumba cha uani, na siku akivunja mlango hurudishwa wodini, wengine hata Mathari, kiasi cha kilomita 480 kutoka Mombasa, na kwa mtu wa Kiunga ni safari ya zaidi ya siku.

Simkejeli asomaye Qur'ani juu ya mgonjwa. Mimi mwenyewe ni mtoto wa chuoni, na najua faraja iliyomo. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alituamrisha kujitibu, akatufunza kuwa hakuna maradhi yaliyoteremshwa ila yana dawa yake. Kisomo na sindano havigombani. Wagombanao ni wenye kisomo na wenye sindano, na katikati yao mgonjwa huumia.

Mtaani kwetu, nilipokuwa kijana, palikuwa na fundi wa kofia za vito aliyechafukwa na akili. Siku alizokuwa hana kazi alizunguka akitukana. Mzee mmoja jirani alikuwa na hekima: humpelekea kitambaa na uzi, akaketi naye kibarazani, akamwuliza tundu hili wazunguka vipi, na ua hili waliitaje. Fundi hutulia, akafundisha. Kofia ile huenda ikachukua miezi, na mzee hakuiharakisha. Hakuna aliyeliita jambo hilo tiba. Lakini kila nilichokiona Paris katika filamu nilikwisha kukiona pale: kazi ya mikono, mtu wa kuketi naye, na swali la kweli liulizwalo kwa heshima. Maneno mema hutoa nyoka pangoni.

Ubaya ni kwamba mzee yule alikuwa mmoja, na alipofariki hakuna aliyeshika nafasi yake. Wema wa mtu mmoja hufa naye. Hiyo ndiyo sababu naitaka nyumba, nyumba ya mchana kwa wenye maradhi ya akili, Mombasa, Malindi, Lamu na Kwale, isiyo wodi wala jela. Haihitaji kuelea juu ya mto. Yatosha nyumba yenye kivuli, kisima na baraza, muuguzi wa kaunti akiwapo na dawa zikiwapo.

Sanaa tunazo za kuijaza. Tuna wachongaji wa milango, mafundi wa kofia, wasukaji wa ukili, wapishi, wasomaji wa kasida, na watungaji wa mashairi wajuao kumtungia mtu swali na kungoja jibu lake kwa vina vile vile. Najua wako masheikh waonao ala za muziki kuwa haramu, na mimi si mufti wa kuamua. Asiyetaka ala ana shairi, ana kasida, ana patasi na sindano. Mlango wa sanaa yetu ni mpana. Lakini tusiyarudie ya Blida, tukamwita mtaalamu kutoka mbali aje kuwafundisha watu wetu michezo asiyojua yeye mwenyewe iwapo wataipenda. Waulizwe wagonjwa kwanza. Na yule mama ajuaye jambo apewe zamu ya kufundisha, asingoje kama yule wa Paris.

Fedha je? Hapa ndipo tuliposahau urithi wetu. Pwani ina mali nyingi za wakfu, na iko Tume ya Wakfu ya kuziangalia. Twaweka wakfu kwa misikiti na madrasa, na ni vyema. Duka moja likiwekwa wakfu kwa mgonjwa wa akili, tutakuwa tumefuata mwendo wa Qalawun na Bayezid, wala hatukumwiga Mfaransa yeyote. Philibert mwenyewe amekuwa akilalamika kuwa tiba ya akili nchini mwake yanyimwa fedha na wauguzi, na kwamba mahali kama Adamant pamekuwa pachache. Ikiwa nchi tajiri yaweza kuiacha huruma ikafa kwa kukosa fungu, sisi tusitegemee fungu la serikali peke yake.

Hata hivyo fungu la serikali lazima lidaiwe. Kila mwaka, kabla ya bajeti za kaunti kupitishwa, wananchi huitwa kutoa maoni, na wengi wetu hatuendi. Safari hii twende. Tusiende na hotuba ndefu. Tuulize swali moja tu: mtu akitoka wodini siku ya Jumatatu akiwa ametulia, Jumanne asubuhi aende wapi? Tungoje tujibiwe, na jibu liandikwe. Hujafa hujaumbika, ndugu msomaji. Huenda atakayeitafuta nyumba hiyo kesho akawa mwanao, akawa mimi, akawa wewe.